Sindano Mbili Siku Moja: Tathmini ya Enoxaparini kwa Mama na Vitamini K kwa Mtoto Mchanga

Nilijifungua kwa upasuaji wa dharura katika hospitali moja ya Dar es Salaam, saa nne asubuhi, baada ya uchungu ulioanza jioni ya siku iliyotangulia. Kabla ya adhana ya adhuhuri mwanangu alikuwa amekwisha kuchomwa sindano ya vitamini K kwenye paja, ili damu yake iweze kuganda. Saa mbili usiku wa siku hiyohiyo muuguzi wa zamu alinijia na sindano ya enoxaparini, ili damu yangu isigande. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda akimpakata mjukuu wake, alimtazama muuguzi, akanitazama mimi, kisha akauliza swali ambalo kwa maoni yangu lilikuwa bora kuliko yote niliyoyasikia wodini siku hiyo: "Sasa, mwanangu, damu kuganda ni jambo jema au baya?" Muuguzi alicheka, akasema, "Bibi, inategemea ni damu ya nani," akaendelea na vitanda vingine.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari, na jibu hilo halikunitosha. Ninachoandika hapa ni tathmini ya dawa hizo mbili na ya huduma ya maabara iliyofuata siku chache baadaye, kama mtu aliyezitumia, akazilipia, na moja akajichoma mwenyewe kwa siku 7. Kipimo cha kila mgonjwa hupangwa na daktari wake, na namba nitakazozitaja ni zile zilizotuhusu sisi au zinazofahamika kwa wote wanaoitumia dawa hii.

Nianze na enoxaparini, kwa sababu ndiyo iliyonikalia tumboni muda mrefu zaidi. Niliyopewa ilikuwa miligramu 40 katika mililita 0.4, ikiwa imejazwa kiwandani ndani ya bomba dogo la kioo lenye sindano nyembamba. Ukilinyanyua bomba hilo kwenye mwanga utaona kiputo cha hewa kimekaa juu ya dawa. Kila aliyewahi kumwona muuguzi akigonga bomba kwa ukucha na kutoa hewa kabla ya kuchoma atashawishika kukitoa, lakini asithubutu, kwani kiputo hicho kimeachwa makusudi: sindano ikielekezwa chini, hewa hupanda nyuma ya dawa na kuisukuma itoke yote, hata ile iliyobaki kwenye shina la sindano. Siku ya kwanza nyumbani niliitoa hewa kwa mazoea, na tone moja likarukia kanga yangu. Tone moja si kitu katika chupa ya dawa ya kikohozi, lakini ni sehemu kubwa ya dawa ambayo yote kwa jumla haijazi nusu mililita.

Dawa hii huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, leo kulia na kesho kushoto, mbali na kitovu kwa walau sentimita 5 na mbali na kidonda cha upasuaji. Unaikunja ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, unaingiza sindano yote ikiwa wima, unasukuma polepole bila kuliachia lile kunjo, kisha unachomoa na kuacha. Usisugue. Sindano yenyewe haiumi kuliko sisimizi, ila dawa huwasha kama pilipili kwa muda wa dakika moja hivi, na hapo ndipo mkono hutaka kwenda wenyewe kusugua. Ukisugua, damu huvilia chini ya ngozi na kuacha alama ya zambarau ambayo baada ya siku kadhaa hugeuka kijani, kisha manjano. Mimi nilikuwa nazo 3 kati ya sindano zote 10, na zote ni za siku ambazo mtoto alilia katikati ya shughuli, nikaharakisha.

Katazo hilo la kusugua lilizua mjadala nyumbani ambao hakuna karatasi ya maelezo iliyoutarajia. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na mama mkwe alikuwa ameshaandaa sufuria, kitambaa na majani yake. Ilibidi nimweleze kwa heshima zote kwamba tumbo lenye mshono mpya na matundu ya sindano kila jioni halikandwi. Tulikubaliana mgongo na mabega tu. Ningependa wauguzi wanaowaruhusu wazazi kurudi nyumbani na dawa hii walitaje jambo hilo waziwazi, kwa sababu si kila mkwe yuko tayari kusikilizana na mkamwana.

Kwa nini nilihitaji dawa hii, nami sikuwa mgonjwa? Mganga wa Kijerumani Rudolf Virchow, katikati ya karne ya 19, alichunguza mabonge ya damu yanayoziba mishipa, na mafundisho yaliyotokana na kazi yake yanataja mambo matatu: mwendo wa damu, hali ya ukuta wa mshipa, na tabia ya damu yenyewe. Mzazi aliyepasuliwa hukutwa na yote matatu kwa pamoja. Tumbo la mimba limebana vena zinazorudisha damu kutoka miguuni, na baada ya upasuaji mtu hulala. Kisu kimekata mishipa. Na damu yenyewe, kwa kujiandaa kuziba jeraha kubwa la mahali kondo la nyuma lilipobanduka, imeongeza fibrinojeni, protini ya kugandisha, na kupunguza protini S, ambayo ni mojawapo ya breki zake. Umri wangu wa miaka 37 na udharura wa upasuaji vilimfanya daktari aandike siku 10.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niithamini dawa hii ni namna inavyofanya kazi, na hapo sina budi kueleza kidogo habari ya bitana.

Mishipa yote ya damu, kuanzia ule mkuu utokao moyoni hadi ile iliyo myembamba kuliko unywele, imetandikwa ndani safu moja tu ya seli bapa zilizoshikana kama vigae. Wataalamu huiita endotheliamu. Darasani mimi huiita bitana, kwa sababu kila mwanafunzi amewahi kuvaa koti au kuona likishonwa. Bitana ya koti huficha mishono, nyuzi zilizokatwa na gundi ya kitambaa cha katikati, ili mkono upite kwa kuteleza. Bitana ya mshipa nayo huficha kolajeni pamoja na protini iitwayo kianzishi cha tishu, vitu ambavyo damu haitakiwi kuvigusa ila pale mshipa unapokatika. Damu ikivigusa huanza kuganda papo hapo, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mfano wa koti hukomea hapo, maana bitana ya fundi imelala tu, na bitana ya mshipa hufanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikitiwa asetilikolini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza, iwapo tu seli zake za ndani hazijakwanguliwa. Zikikwanguliwa, kulegea kunakoma. Ujumbe uliokuwa ukitoka kwenye seli hizo baadaye ulitambulika kuwa oksidi ya nitriki, na kazi hiyo ikachangia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Oksidi hiyo, pamoja na prostasaiklini ambayo pia hutolewa na bitana, huzituliza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zisikamatane bila sababu.

Kuna kazi ya tatu, na hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Trombini ni kimeng'enya kinachogeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini, ambazo ndizo wavu wa bonge la damu. Juu ya bitana kumesimama protini iitwayo trombomodulini. Trombini inayopita karibu na bitana yenye afya hushikwa na trombomodulini hiyo, na ikishashikwa hubadilika tabia: huacha kushona nyuzi na kuanza kuiamsha protini C, ambayo kwa msaada wa protini S huzivunja zile protini zinazochochea trombini nyingine kutengenezwa. Ni kama mchochezi wa ugomvi anayeshikwa mkono na mwenye nyumba, na kabla ya chai kwisha amegeuka kuwa msuluhishi. Mahali penye jeraha hapana bitana, kwa hiyo hapana wa kumshika, na trombini huendelea kugandisha palepale inapohitajika.

Kazi ya nne ndiyo iliyoingia kwenye bomba langu la kioo. Uso wa bitana umeota nywele fupi zilizojaa sukari za namna yake, zikiwemo heparani salfeti. Katika damu huzunguka protini iitwayo antitrombini, ambayo ikiwa peke yake huwa mzito wa kazi, lakini ikiegemea kwenye sukari hizo hugeuka kuwa mwepesi na kuzinasa trombini pamoja na kigandishi namba 10 kilichoamshwa, mojawapo ya protini za kugandisha damu. Enoxaparini ni vipande vifupi vya heparini, ambayo ni ndugu wa karibu wa hizo sukari za bitana. Vipande hivyo huzunguka ndani ya damu na kuifanyia antitrombini kile ambacho bitana huifanyia, hasa dhidi ya kigandishi namba 10. Dawa haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda; kazi hiyo bado ni ya mwili, na kimojawapo cha vimeng'enya vinavyoianzisha hutolewa na bitana hiyohiyo. Na bila antitrombini dawa hii haina cha kushika. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa maana tutalihitaji tukifika kwa watoto.

Kama bidhaa, basi, naipa enoxaparini alama za juu. Ni ya mara moja kwa siku kwa aliyepewa kipimo cha kinga, haihitaji kupimwa damu kila mara kwa mtu ambaye figo zake ni nzima, na mama anayenyonyesha huruhusiwa kuitumia. Hifadhi yake ilinisumbua kidogo: paketi ilitaka isizidi nyuzi joto 25 wala isigande kwa baridi, nasi tulikuwa mwezi wa pili, Dar es Salaam, bila kiyoyozi. Niliiweka katika kabati la chini, kwenye sakafu ya saruji, karibu na mtungi wa maji, ambapo ndipo mahali pa baridi kuliko pote nyumbani kwetu. Bei ilitofautiana duka hadi duka, na hata kwenye duka la nafuu sindano moja ilizidi matumizi yetu ya jikoni ya siku nzima. Karatasi ya maelezo iliyokuwamo kwenye paketi yangu ilikuwa na lugha kadhaa, Kiswahili hakikuwemo.

Kasoro kubwa zaidi haimo ndani ya dawa. Siku ya pili nyumbani mama mkwe alinijia na paketi mkononi. Alikuwa amemsikia jirani. "Mwanangu, hii dawa si ya nguruwe?" Nilitaka kumwambia hapana, kisha nikakumbuka kwamba najua. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakati Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa katika maabara ya William Howell, alipokuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu akakutana na kinachozuia. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la ini, kwa kuwa ilichukuliwa kwenye ini la mbwa. Siku hizi heparini inayotumika kutengenezea enoxaparini hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe. Nilimjibu, "Ndiyo, mama, asili yake ni hiyo."

Alinyamaza muda mrefu. Jioni mume wangu alimwendea imamu wetu, akarudi na jibu kwamba palipo na haja ya kweli ya kulinda uhai na hapana mbadala uliopo karibu, hapana dhambi. Daktari naye, nilipompigia simu, alinieleza kuwa ipo dawa iitwayo fondaparinuksi, inayotengenezwa maabara bila mnyama yeyote na inayopitia njia hiyohiyo ya antitrombini, lakini katika maduka matatu tuliyoulizia haikuwepo. Niliendelea na enoxaparini, na moyo wangu uko radhi. Lililonikera ni kwamba katika wodi iliyojaa wazazi wa Kiislamu tulichomwa bila kuambiwa neno, tukaja kulisikia kwa jirani. Swali hili lina majibu, na anayetoa dawa ndiye anayepaswa kuyatoa kwanza.

Kuhusu vitamini K sina maneno mengi, na huko kukosa maneno ni sifa. Mdenmark Henrik Dam aliigundua alipokuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta akawaona wanavuja damu. Herufi K ilitokana na neno la kuganda kama linavyoandikwa katika lugha za huko kwao, naye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hii, kwa sababu haipiti vizuri kwenye kondo la nyuma, maziwa ya mama yana kiasi kidogo, na utumbo wake bado haujapata bakteria wa kuitengeneza. Asipopewa, anaweza kuvuja damu katika wiki ya kwanza, au baadaye, kati ya wiki ya 2 na mwezi wa 6, ambapo damu mara nyingi huvuja ndani ya kichwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto mchanga achomwe miligramu 1 baada ya saa ya kwanza ya kulazwa kifuani kwa mama. Mwanangu alilia, akanyonya, akasahau. Sindano moja, siku moja, kazi imekwisha.

Jambo moja tu linahitaji kufahamika, kwani ndilo lililotuponza: vitamini K haigeuzi damu ya mtoto kuwa ya mtu mzima. Ini ndilo linalozitengeneza protini za kugandisha, na vitamini K huzifanyia umalizio baadhi yake, kama fundi anayetia vifungo kwenye shati lililokwisha kushonwa. Ini likiwa limeshona mashati machache, vifungo haviongezi mashati.

Siku ya 4 kitovu cha mtoto kilitoa matone mawili matatu ya damu kwenye nepi. Ningekuwa peke yangu ningesubiri, lakini nyumba ya mzazi haina uhaba wa washauri, na saa kumi jioni tulikuwa katika maabara binafsi iliyo karibu nasi. Maabara hiyo ni safi, ina foleni fupi, mapokezi ni ya heshima, na mtaalamu wa kutoa damu aliupata mshipa wa mtoto kwa mara ya kwanza, jambo ambalo si dogo. Tuliomba vipimo vya kuganda, vile vinavyoandikwa PT na APTT, ambavyo huhesabu sekunde damu inazochukua kuganda ndani ya mrija. Majibu yalitoka baada ya saa mbili. Kwenye mstari wa APTT palikuwa na sekunde 48, kiwango cha kawaida kilichochapishwa kilikuwa 26 hadi 36, na pembeni nyota nyekundu. Kijana wa dirishani alisema kwa sauti ya huruma, "Mama, mtoto ana tatizo la damu, mpelekeni hospitali." Usiku huo hakuna aliyelala isipokuwa mtoto mwenyewe.

Daktari wa watoto, asubuhi, aliitazama karatasi kwa kitambo kifupi mno kulingana na hofu tuliyokuwa nayo. Alisema viwango vile ni vya watu wazima. Tangu mwaka 1987, Maureen Andrew na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipochapisha vipimo vya watoto waliozaliwa kwa miezi kamili tangu siku ya kwanza hadi mwezi wa 6, inajulikana kwamba mtoto mchanga ana viwango vyake, vinavyobadilika kadiri siku zinavyokwenda, na sekunde 48 katika umri wa siku 4 si ajabu. Kitovu alikisafisha, akakitazama tena, akaturudisha nyumbani.

Nilimwomba dakika tano zaidi, na kwa wema wake akanipa kumi. Vigandishi vinavyotegemea vitamini K, alisema, kwa mtoto mchanga huwa karibu nusu ya vile vya mtu mzima, na ndiyo maana damu yake huchelewa kuganda kwenye mrija wa maabara. Lakini breki nazo ziko chini: antitrombini ni zaidi kidogo ya nusu, na protini C ni pungufu ya nusu. Mimi nilifikiria mizani ya sokoni. Ukiweka kilo mbili kila upande itasimama sawa, na ukiweka robo kila upande itasimama sawa pia. Tofauti ni kwamba ile ya robo huinama kwa punje chache za mchele. Mtoto mzima wa afya havuji wala hagandi ovyo, ila akiugua au akiguswa na kitu kigeni huyumba haraka kuliko sisi.

Na kuna jambo ambalo mrija wa maabara hauwezi kulionyesha, nalo ni bitana, kwa sababu katika mrija hakuna bitana. Ndani ya seli za bitana kuna vijiti vidogo vilivyoelezwa na Ewald Weibel na George Palade mwaka 1964, na ndani ya vijiti hivyo imehifadhiwa protini ya von Willebrand, ile inayozinasa chembe sahani na kuzigandamiza kwenye jeraha. Kwa mtoto mchanga protini hii imo kwa wingi katika damu, tena katika minyororo mirefu yenye nguvu kuliko ya mtu mzima. Chembe sahani zake ni nzito kuamka, lakini gundi ya kuzishikia ni kali, na mchubuko wa ngozi yake hukoma kutoa damu upesi tu. Karatasi yenye nyota nyekundu ilikuwa imepima nusu ya habari, ikailinganisha na ya mtu mwingine.

Daktari aliuliza pia mrija ulijazwa hadi wapi. Nilikuwa nimeuona: damu haikufika kwenye alama. Mrija wa vipimo hivi huwa na sitireti, kemikali inayoizuia damu isigande kwa kuikamata kalisi, madini ambayo damu huyahitaji ili igande, na uwiano wake ni sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Damu ikiwa pungufu, sitireti huzidi na muda wa kuganda hurefuka wenyewe. Kwa mtoto mchanga tatizo hukua zaidi, kwa kuwa damu yake ina seli nyekundu nyingi na majimaji machache, na ikizidi kiasi fulani sitireti yapasa kupunguzwa kwa hesabu. Kwa hiyo hata zile sekunde 48 huenda zilikuwa na chumvi ndani yake.

Nikiwa kwenye benchi la kliniki hiyo nilizungumza na mama mwenzangu ambaye mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, akawekewa mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu ili apate maji na dawa. Mpira huo, ambao umeokoa watoto wengi, hukaa ukigusa bitana na kuupunguzia mshipa nafasi, na mabonge mengi ya damu ya watoto wachanga huanzia kwenye mipira ya namna hiyo. Wake alikutwa na bonge, akaanzishiwa enoxaparini, dawa ileile iliyokuwa kabatini mwangu. Kilichomtisha mama huyo ni hesabu: mtu mzima anayetibiwa bonge hupewa kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, na mtoto aliye chini ya miezi 2 huanzishiwa miligramu 1.5 kwa kila kilo. Alidhani wamekosea. Hawakukosea. Dawa inayofanya kazi kwa kuiegemeza antitrombini hukuta kwa mtoto antitrombini chache za kuegemeza, na mwili wake huiondoa dawa upesi zaidi. Hivyo kwa kila kilo anahitaji zaidi, na huchukuliwa damu kuona kama kipimo kimefika. Nikiulizwa darasani maana ya kusema kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa, sasa nitaanza na hesabu hiyo.

Alama zangu, basi, kwa mtindo wa walimu: vitamini K, 10 kati ya 10. Enoxaparini, 8 kama dawa. Moja nimeikata kwa bei na nyingine kwa karatasi isiyosomeka na watu wa nyumbani kwangu. Hospitali, kwa utabibu 9 na kwa maelezo 4, ikiwa ni pamoja na kunirudisha nyumbani na sindano 7 bila sanduku la usalama la kutupia zilizotumika. Nilitumia dumu la sabuni ya maji lenye kifuniko cha kuzungusha, na zahanati ya mtaani ikalipokea bila maswali. Maabara, 8 kwa huduma na 2 kwa karatasi.

Siku ya 12, mshono ukiwa umeniruhusu kutembea bila kujishika, nilirudi kwenye ile maabara. Nilieleza suala la viwango na la mrija. Waliniambia kwa upole kwamba mashine huchapisha viwango hivyo yenyewe na kwamba kuvibadilisha kunahitaji mtu wa programu. Nikasema naelewa, nikaomba kuonana na mkuu wao. Alitoka, akanisikiliza akiwa amesimama, akaomba karatasi. Aliisoma tarehe ya kuzaliwa, akaisoma tena, akavuta kalamu mfukoni, akaikata ile nyota nyekundu, na pembeni akaandika kwa mkono: "Viwango vilivyochapishwa ni vya watu wazima, mgonjwa ana umri wa siku 4." Akagonga muhuri. Karatasi hiyo ipo kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki ya mwanangu.